Siku Nilipochimba Sierra Nevada

Ninyi mnaotazama dunia kwenye kioo cha simu, mnaovuta mlima kwa vidole viwili ukaja na kuusukuma ukaenda, sikieni la babu yenu. Mimi niliwahi kuipoteza safu nzima ya milima ya Uhispania katika mitaa ya Katuba hapa Lubumbashi, nikaikusanya tena kibao kwa kibao, na kimoja nilikikuta kimefunika sufuria ya maharagwe. Uhispania kwenyewe sijafika. Mbali kabisa nilikofika ni Kilwa, hii yetu ya ziwani, si ile ya pwani, na huko nilikwenda kumsindikiza mtu harusini.

Kazi yangu ilikuwa maketi. Wajukuu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa nachezea vinyago, na siwalaumu, maana hata mama yangu alifariki hajaelewa nilikuwa nalipwa kwa ajili ya nini. Maketi ni mfano wa ardhi uliopunguzwa mpaka ukatosha juu ya meza. Kampuni ya shaba niliyoifanyia kazi hapa Lubumbashi, miaka ile nchi ikiitwa Zaire na kila mtu akiitwa Citoyen, yaani mwananchi, ilikuwa na mashimo ya kuchimbia mawe, mapana kuliko mtaa mzima, na mainjinia walitaka kuliona shimo lote kwa mara moja bila kuchafua viatu. Sisi sita wa chumba cha maketi, mkubwa wetu akiwa wa saba, tuliwatengenezea.

Nitawaeleza namna ya kufanya, la sivyo hamtajua mahali pa kucheka. Kwenye ramani, sehemu zote zenye kimo kimoja huunganishwa kwa mstari. Mistari ikibanana, hapo pana mteremko mkali. Ikiachana, hapo mtu anaweza kulima viazi. Unatafuta mbao nyembamba za kontreplake, kila mstari na ubao wake. Unachora mstari juu ya ubao, unatoboa tundu dogo, unapitisha msumeno mwembamba, unakata ukiufuata mstari mpaka unarudi ulipoanzia. Sasa una vitu viwili: kipande cha ndani, na fremu yenye uwazi katikati. Kwa shimo la mgodi, fremu ndiyo mali na kipande cha ndani ni taka. Unapanga fremu moja juu ya nyingine, yenye uwazi mdogo chini na yenye uwazi mkubwa juu, na shimo linatokea lenyewe. Tena ngazi za mgodi kwetu zilihesabiwa kuanzia juu: namba moja iko karibu na nyasi, namba ishirini iko kule chini kwenye tope. Namba ikipanda, wewe unashuka. Mikono yetu ilijua hivyo hata tukiwa tunasinzia.

Vile vipande vya ndani havikutupwa. Kila Jumamosi tuliviweka mafungu sita sakafuni. Mmoja aligeukia ukuta, mwingine akanyooshea fungu kidole na kuuliza, "Hii ya nani?" Aliyegeukia ukuta akataja jina bila kuona, na ugomvi hapakuwa. Vilikuwa vya kuwashia mbabula, jiko letu la makaa, na kontreplake ya kampuni ilishika moto haraka kuliko gazeti la chama. Nadhani wake zetu waliipenda kazi yetu kwa sababu hiyo tu.

Mkubwa wetu alikuwa Papa Kabamba, mzaliwa wa Kilwa, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa umeme. Alinipokea nikitoka kushona suruali na baba yangu. Sisi ni Waislamu wa Kasongo. Babu alifika mji huu na cherehani kichwani, na ilidhaniwa nami nitazikwa na cherehani. Siku ya kwanza Papa Kabamba alinifunga macho kwa kitambaa, akauweka mkono wangu juu ya maketi moja ya zamani.

"Muto iko wapi?" akauliza.

Nikapapasa. Nikasema, "Hapa, Papa."

"Hapana. Hiyo njo barabara ya macamion. Anza tena."

Nilianza tena kwa siku nne. Kwake, maketi isiyosomeka kwa vidole ilikuwa picha tu, na picha, alisema, wapiga picha wapo. "Macho inasemaka bongo," alikuwa akituambia. "Kidole haina na sababu ya kusema bongo." Bongo ni uongo, njo ni ndiyo, na macamion ni malori, kwa ninyi mliokulia mbali.

Alinifundisha pia kutokuiamini karatasi. Karatasi ya kalka, ile inayoonyesha kilicho chini yake, hunywa unyevu wakati wa mvua ikatanuka, na kiangazi kikija inasinyaa. Usianze kuchora mwezi wa kwanza ukamalizia mwezi wa saba. Mimi sikusikia. Nilichora nusu ya shimo wakati wa mvua na nusu wakati wa baridi, na nusu zile mbili zikakataa kukutana. Barabara ilifika ukingoni ikaanza tena upana wa kidole pembeni. Injinia mmoja aliuliza kama malori yake yanatakiwa kuruka. Papa Kabamba akanifanya nikate yote upya, na mwezi mzima aliniita Citoyen Pilote, yaani rubani.

Siku hizi mashine inachonga yenyewe. Mjukuu wangu alinionyesha, nikaipenda sana, haisinzii wala haiombi likizo. Lakini ukiipa mlima kichwa chini itauchonga kichwa chini, bila hata kukohoa. Mtaniambia binadamu angeona kosa. Subirini.

Sista Asunta alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya wasichana mjini. Mke wangu Faida alisoma kwake, ndiyo maana alinijua. Alikuja Lubumbashi kutoka Uhispania akiwa msichana na sasa nywele zilikuwa nyeupe, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu hasa, kile cha kubishana bei ya samaki. Asubuhi moja aliingia chumbani mwetu ameshika ukuta. Alikuwa na ramani ya zamani iliyokunjwa mara nane.

"Ramazani, mwana wangu," akasema, "macho yangu inaisha. Docteur alisema hakuna dawa. Sasa kuko inspecteur mupya. Anasema mwalimu mwenye haone tableau hawezi kufundisha. Atakuya kuniangaria, siku ya Alhamisi, kisha ya majuma matatu."

Nikamwuliza akishindwa itakuwaje.

"Banirudisha. Ku Madrid kuko nyumba ya bamasœur bazee. Iko muzuri, iko na jardin. Sijue mule muntu hata mumoja."

Aliitaja nyumba ile ya masista wazee na bustani yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza ratiba ya treni, na nilimwonea huruma hadi nikaanza kupanga penseli zisizohitaji kupangwa. Alichotaka ni maketi ya milima ya kwao. Ubao wa darasani hauoni tena, basi apate kitu ambacho mikono yake inaweza kukisoma mbele ya wanafunzi. Na kwa nini Uhispania, wakati redio kutwa inaimba tuache ya kigeni? Kwa sababu Ulaya ilikuwa kwenye programu ya darasa lile, na milima ile ndiyo aliyoijua kabla ya kujua kusoma.

Mkubwa wa ofisi alikubali tutumie mabaki ya kontreplake, baada ya saa za kazi. Papa Kabamba alikuwa anakwenda likizo kwao Kilwa siku ileile. Akaniachia funguo. "Hii njo yako, Ramazani," akasema. "Usikimbie." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongoza kazi peke yangu, na nilivimba kichwa vizuri sana.

Kila jioni Sista alikuja kunisimulia, na mimi nikiandika. Sierra Nevada imelala kutoka mashariki kwenda magharibi, kusini kabisa mwa Uhispania. Ukisimama upande wa kusini ukaitazama, bahari ya Mediterania iko mgongoni kwako. Katikati kuna kilele cha Mulhacén, kirefu kuliko vyote nchini kwao ukiacha visiwa, zaidi ya mita elfu tatu na mia nne, na kushoto kwake kuna kilele cha Veleta. Theluji hukaa huko juu miezi mingi ya mwaka, na watu wa chini huishi kwa maji yake, wakiyaongoza kwa mifereji midogo iliyochimbwa tangu zamani za Waarabu. Mteremko wa kusini unaitwa Alpujarra. Watu wa huko wamekata mlima ngazi ngazi ili walime. Kijiji alikozaliwa Sista ni Trevélez, chini ya Mulhacén kabisa, na kinasifika kwa mapaja ya nguruwe yanayokaushwa kwa upepo wa baridi. Nikamwambia, "Ma sœur, mulima nitaitengeneza. Nguruwe ibakie kwenu." Alicheka mpaka akakohoa.

Kisha akaniambia jambo lililonishika. Mulhacén ni jina la Mulai Hasan, mmoja wa wafalme wa mwisho wa Kiislamu wa Granada, na watu husema alizikwa huko juu. Babu yangu mwenye cherehani aliitwa Hasani. Tangu jioni ile niliukata mlima ule kama mtu anayechonga kaburi la ndugu yake. Sikuacha hata kona moja.

Mbao zilikuwa ishirini. Nikachora mistari na kutia namba kwa penseli nyekundu, moja kule nje chini ya mlima, ishirini kule ndani kileleni. Wenzangu wakasaidia kukata. Wiki mbili tulikata, na kila Jumamosi tuligawana vipande vya ndani kama kawaida. Kisha tukapanga fremu, namba ishirini chini, namba moja juu. Tukagongelea, tukasawazisha kwa plasta, tukapaka rangi. Bado hamjaona? Hata sisi hatukuona. Watu sita wazima, wenye mishahara.

Aliyeona ni Ilunga, dereva wa kamioneti, aliyekuja Ijumaa kupima kama itaingia garini.

"Hii ni mine ya wapi?" akauliza, akidhani ni mgodi. "Sijaifikaka."

"Haina mine," nikasema kwa kiburi. "Njo mulima ya Espagne, Sierra Nevada."

Ilunga akainama akachungulia ndani. "Mulima? Sasa muntu atapanda wapi? Humu muntu anaangukaka tu."

Tulisimama tukilitazama shimo letu zuri, lenye kilele cha Mulhacén chini kabisa mahali pa tope. Tulikuwa tumechimba Sierra Nevada. Mmoja wetu, Mungu amsamehe, aliuliza kama kuna shaba.

Sasa ona kiburi cha kijana. Badala ya kukiri, nikapata akili. Shimo si ni kalibu? Nikalipaka mafuta ya mawese ndani, nikamimina plasta, nikangoja ikauke Jumamosi na Jumapili nzima, na Jumatatu asubuhi tukapindua. Ukatoka mlima! Mweupe, laini, una mabonde na migongo, na kilele kiko juu mahali Mungu alipokiweka. Tulipiga makofi. Nikaupakia kwa Ilunga, nikaupeleka shuleni mwenyewe.

Sista aliuzunguka akasimama upande wa kusini. Akaweka mikono juu yake, uso ukafunguka. Alipanda kwa vidole kutoka chini, polepole, akinong'ona majina kwa lugha yao. Kisha vidole vikasimama.

"Ramazani. Veleta iko wapi?"

Nikakipeleka kidole chake kwenye kilele cha pili. "Hapa, ma sœur."

"Hapa ni kuume."

"Labda ulisimama vibaya."

"Miye sijasimama vibaya. Nilikuwa ninatoka mu mulango ya mama, ninaangaria Mulhacén, na Veleta iko kushoto. Kila siku ya Mungu iko kushoto. Mulima yako iligeuka, mwana wangu."

Na ilikuwa kweli. Mmewahi kuuona muhuri wa ofisi? Maandishi yake yamechongwa kinyume, ili ukigonga yatoke sawa. Mimi nilichonga sawa, kisha nikagonga. Kila cha kushoto kilikuwa kulia. Mto uliokwenda machweo ulikwenda mawio. Mtu mwenye macho angepita bila kujua, ila Sista alikuwa na vidole tu.

Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningepona haraka. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi akakunja mikono. "Nikifundisha na hii, mikono yangu itadanganya batoto," akasema. "Na inspecteur atakuwa na carte ya mulima mbele yake. Atasema: muzee huyu, hata mulima ya kwao alisha kuisahau." Zilibaki siku tatu. Kontreplake ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyejua nyingine itakuja lini, maana miaka ile vitu vilikuja vilipotaka.

Nilirudi nyumbani Katuba mchana ule na aibu tupu. Faida alikuwa uani anawasha mbabula. Nikakaa karibu naye. Alikuwa ameshika kibao kwa ncha, kingine kimeanza kushika moto, na mimi nikakitazama kile cha motoni, kwa sababu macho lazima yatazame mahali. Kilikuwa na kona moja niliyoijua. Ni kona ya bonde la Poqueira, magharibi ya Mulhacén, niliyoikata mwenyewe kwa usiku mbili kwa ajili ya heshima ya babu. Nikatumbukiza mkono motoni.

"Weye, ulipatwa na nini?" Faida akapiga kelele.

"Mulima!" nikasema. "Faida, unapikia mulima!"

Hapo ndipo akili ya kweli ilinijia, bila kiburi. Vile vipande vya ndani, vile tulivyoviita taka, ndivyo vilikuwa mlima wenyewe. Havikugeuzwa wala kupinduliwa. Ukivipanga moja juu ya kingine, namba moja chini na namba ishirini juu, unapata Sierra Nevada jinsi ilivyo. Wiki mbili nzima tulikuwa tunaukata mlima sawasawa, na kila Jumamosi tunagawana kuni. Faida aliposikia ni kwa ajili ya Sista Asunta, alimwaga maji kwenye mbabula kuuzima moto, akajifunga kitenge, akasema, "Twende. Weye hauwezi kuingia mu majiko ya bamama peke yako."

Kwa bahati sote sita tulikaa Katuba. Lakini vipande havikukaa kwa wenyewe. Kwetu anayepewa kuni humgawia jirani, na jirani humgawia shemeji. Tulitembea mchana ule na kutwa ya kesho yake. Niliomba ruhusa kazini nikisema nina msiba, na sikudanganya sana. Kipande cha saba kilikuwa kinafunika maharagwe. Cha kumi na moja kilikuwa cha kupepea makaa, na mwenyewe alitaka kwanza nimletee kingine. Cha tatu kilipigiliwa kwenye banda la kuku, na jogoo alinidonoa. Cha kumi na nne mtoto wa shule alikigeuza kibao cha kuandikia, amejaza hesabu za kujumlisha upande wote wa kaskazini. Faida alikuwa anaingia, anasalimu, anauliza habari za kila mgonjwa wa nyumba, kisha ndipo anaomba mlima. Mimi ningeanza na mlima na ningefukuzwa.

Jumanne jua likielekea kuzama tulikuwa na vipande kumi na tisa, vingine vimeungua kingo, vyote vikiwa na namba yangu nyekundu. Kilibaki cha ishirini, kilele chenyewe, kidogo kuliko kiberiti. Kilikuwa kwa Mama Kapinga, jirani wa mlango wa tatu.

"Kale kakibao kadogo?" akasema. "Nilikawashia moto jana. Kaliwaka muzuri!"

Faida akamweleza. Mama Kapinga akashika kichwa. Hakutaka kusikia kwamba ningekata kingine kwa dakika tano. "Nilikula mulima ya masœur, nitailipa," akasema, akaingia jikoni akarudi na tonge la bukari, yaani ugali wa mahindi meupe pe. Alilifinyanga kwa vidole mpaka likawa na ncha, akanifungia kwenye jani la mgomba. Nililipokea ili tusigombane. Jumatano, tulipokwisha kupanga na kugongelea, nililiweka juu kwa kujaribu tu, na jinsi lilivyokaa kama theluji sikuwa na moyo wa kuliondoa. Plasta ya kusawazisha hatukuwa na muda nayo. Mlima ukaenda shuleni na ngazi zake zote wazi, una masizi, una hesabu za kujumlisha, unanuka moshi.

Alhamisi asubuhi tuliuweka na Ilunga juu ya meza, mbele ya wasichana arobaini waliokaa kimya. Upande wa kusini tuliuelekeza ubaoni, mahali ambapo Sista angesimama. Inspekta alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, abakosi yake, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, imepigwa pasi vizuri, ramani ya Uhispania gotini. Sista alikuwa hajaingia. Basi yule bwana akainuka, akautazama mlima, akautazama mlango. Akashika meza kwa mikono miwili akaigeuza yote, kusini ikaja kwake, kaskazini ikaenda ubaoni. Nilifungua mdomo. Akaweka kidole juu ya midomo yake kunionya, akaketi.

Nilitaka kusema, vijana, nawaapia. Lakini wakati ule mtu wa serikali akikunyamazisha, unanyamaza. Nilisimama karibu na dirisha, nikijua mwanamke huyu anarudishwa Madrid mbele ya macho yangu.

Sista akaingia. Akahesabu hatua zake, akafika mezani, akasema, "Bonjour, batoto," wakamwitikia. Akaweka mikono. Vidole vikapanda ngazi mbili, vikasimama. Vikaenda kulia. Vikarudi kushoto.

"Nani alitembeza Espagne?" akauliza.

Hakungoja jibu, wala hakuigusa meza kuigeuza. Akashika ukingo wake, akaizunguka hatua kwa hatua akiacha mkono mmoja mlimani, mpaka akafika upande wa wanafunzi, ambako sasa ndiko kulikuwa kusini. Goti lake likagonga goti la inspekta.

"Ni nani huyu?"

"Ni mimi, Inspecteur."

"Songa kidogo, Citoyen Inspecteur. Ulikaa mu bahari."

Wasichana wote arobaini walipasuka kwa kicheko. Na mtu yule wa serikali, na abakosi yake, akainua kiti chake akatoka katika bahari ya Mediterania. Mimi nililia, siwafichi. Nililia nikicheka, na Ilunga akinikanyaga mguu ninyamaze.

Somo lile sijasikia jingine kama lile. Aliita wasichana wawili wawili, wakafumba macho, akaishika mikono yao na kuwapandisha. Zile ngazi nilizozionea aibu alizipenda kuliko chochote. "Hizi njo mashamba ya Alpujarra," akawaambia. "Baba yangu alikuwa anachunga maji hapa, ngazi kwa ngazi." Aliwaonyesha kwa nini vijiji viko kusini kwenye jua na si kaskazini. Alipofika kileleni akasimama, akanusa kidole chake.

"Ramazani, hii ni nini?"

"Ni bukari, ma sœur. Ya Mama Kapinga wa Katuba."

"Basi mwaka huu theluji ilianguka muzuri," akasema, akaendelea. Aliwaambia kwamba kutoka pale juu, asubuhi isiyo na mawingu, mtu anaona ng'ambo ya bahari mpaka milima ya Afrika, na kwamba akiwa mtoto alikuwa anaiangalia bila kujua ni kitu gani.

Kengele ilipolia, inspekta hakuinuka. Aliandika kwa muda mrefu, na Sista alisimama akisikiliza kalamu yake inavyokwaruza karatasi. Hakuna aliyetoka darasani. Mwishowe yule bwana akafunga daftari.

"Ma sœur," akasema, "mwaka kesho utafundisha mulima gani?"

Msichana mmoja wa benchi la mbele akaenda akamshika mkono.

"Kundelungu ya hapa kwetu," Sista akasema. "Lakini hiyo sijaikanyaga bado. Banipeleke kwanza."

Tulimpeleka mwezi wa saba, mimi na Faida, kwa kamioneti ya Ilunga, siku nzima ya vumbi. Tulipofika juu, mahali nyasi zinapoanza na upepo hauna kizuizi, alituomba tusimamishe gari. Faida akamshusha. Akasimama kidogo akisikiliza, kisha akainama, akavua viatu.